Kuuona Umeme wa Ubongo kwa Rangi na Mwanga

Haya ni maneno niliyozungumza jioni moja Dar es Salaam mbele ya walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, na mwishoni nimeweka swali moja kati ya yale niliyoulizwa.

Walimu wangu, wazazi wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliokaa huku mbele, hamjambo?

Kwenye sinia hili nina ngisi. Nimemnunua leo alfajiri soko la samaki la Feri. Aliyeniuzia alitaka kunisafishia, nikamwomba aniachie hivi hivi alivyo. Mnaopika nyumbani mnajua tunavyomfanya: unavuta kichwa, matumbo yanatoka nacho, unaangalia usipasue kifuko cha wino, unachomoa ule mfupa mwembamba unaofanana na kipande cha plastiki, unamenya ngozi, basi, tayari kwa sufuria. Leo tumfungue kwa namna nyingine. Napasua mfuko wake upande wa tumbo, kutoka mdomoni mwa mfuko mpaka nchani. Naukunjua kama kitabu. Nasogeza matumbo pembeni. Mwalimu, naomba umulike tochi hapa. Mnaona kwenye ukuta wa ndani, karibu na shingo, kulia kimoja na kushoto kimoja, vinundu viwili vyeupe vilivyotawanya nyuzi pande zote? Vinafanana na nyota aliyoichora mtoto. Nyuzi hizo ni mishipa ya fahamu. Ule mrefu unaoshuka kuelekea mkiani una ndani yake aksoni, yaani uzi wa seli ya neva unaopitisha ishara, moja nene ajabu, ambayo kwa ngisi wakubwa hufika karibu milimita 1. Ngisi akishtuka, ishara hupita humo mbio, mfuko wote unajikaza kwa pamoja, maji yanaruka nje, na yeye amekwisha kimbia.

Nimemleta kwa sababu safari ya jambo ninalotaka kuwaeleza leo, kuuona umeme wa ubongo kwa rangi na mwanga, ilianzia kwake. Mwaka 1936 mwanazuolojia Mwingereza J. Z. Young alieleza kwamba uzi huu, ambao watu walikuwa wakiupita bila kuuangalia, ni neva, yaani mshipa wa fahamu. Miaka mitatu baadaye Alan Hodgkin na Andrew Huxley, wakiwa Plymouth, walipenyeza elektrodi nyembamba, yaani kijiti cha kupimia umeme, ndani ya aksoni hiyo kwa urefu wake, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la ushanga, wakapima umeme uliomo kwa kutokea ndani. Kazi yao iliyofuata, waliyoichapisha mwaka 1952, iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Tunayoyajua kutokana na kazi hiyo ni haya. Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi ukilinganisha na nje, kwa kadiri ya milivolti 70. Ikipeleka ishara, milango midogo kwenye utando wake inafunguka, ioni za sodiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinaingia, volteji inapanda kwa kama milivolti 100, halafu potasiamu inatoka na hali inarudi ilivyokuwa. Yote hayo kwa muda wa milisekunde 1 hivi, yaani sekunde uliyoigawa mara elfu.

Milivolti 70 inaonekana kitu kidogo. Betri ya saa ya ukutani ina milivolti 1500. Lakini vijana, chukueni kalamu tupige hesabu. Utando wa seli una unene wa kama nanomita 5. Gawanyeni volti 0.07 kwa mita 0.000000005. Mnapata volti milioni 14 kwa mita. Hewa tunayovuta, ikifika volti milioni 3 kwa mita, inashindwa kuuzuia umeme na cheche inaruka. Ndani ya kila utando wa kila seli ya neva, sasa hivi mkiwa mmekaa hapa, kuna nguvu ya umeme kupita ile inayopasua hewa, imebanwa kwenye ukuta ambao jicho haliwezi kuuona. Hesabu hii naipenda tangu nilipoifanya kwa mara ya kwanza, na leo naihitaji kwa sababu moja: mahali penye nguvu kubwa namna hiyo, ukiweka molekuli ya rangi, molekuli hiyo haiwezi kukaa bila kuguswa.

Kabla sijafika kwenye rangi niseme kwa nini ilihitajika. Elektrodi ni chombo cha kuaminika mno. Lakini elektrodi moja inasikiliza seli moja, au chache zilizo jirani. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Fikirini baraza la kahawa jioni. Ukimwendea mzee mmoja ukatega sikio mdomoni pake, utasikia maneno yake yote, kila herufi. Hutajua baraza linazungumza nini. Hutajua kama anajibu au anauliza, kama wenzake wanacheka au wamenuna. Na ukirudi kesho ukamsikiliza mzee wa pili, keshokutwa wa tatu, ukaja kuyaunganisha maneno yao kwenye karatasi, hayo hayatakuwa mazungumzo ya baraza, kwa kuwa hawakuyasema kwa wakati mmoja.

Tuna vyombo vya kuangalia ubongo mzima. Kuna kile cha kubandika elektrodi juu ya kichwa. Hans Berger wa Ujerumani alichapisha matokeo yake ya kwanza kwa binadamu mwaka 1929, na hospitali zetu zinakitumia hadi leo. Kina kasi ya kutosha, lakini kinasikiliza baraza kutoka ng'ambo ya ukuta. Kuna mashine kubwa ya sumaku inayofuata damu inavyokwenda kwenye sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Inaonyesha mahali vizuri, ila damu huchelewa kwa sekunde nzima na zaidi, na katika sekunde moja ishara za neva zimekwisha kupita mara mia. Kilichokosekana ni chombo cha kuonyesha mahali pengi kwa pamoja, kwa mwendo wa ubongo wenyewe.

Mwaka 1968 Lawrence Cohen, Richard Keynes na Bertil Hille walitangaza kwamba neva ikipitisha ishara, namna inavyotawanya mwanga hubadilika kidogo sana. Mwaka huo huo Ichiji Tasaki na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba neva iliyotiwa rangi inayong'aa hubadilisha mng'ao wake ishara inapopita. Ninyi mliosoma fizikia mnaweza kuona ukubwa wa jambo hilo. Mwanga hauhitaji kutoboa kitu. Unaweza kumulika eneo zima, na kila nukta ya eneo hilo ikakuletea habari zake kwa wakati mmoja.

Cohen, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale, aliishikilia kazi hii kwa miongo. Kila majira ya joto yeye na wenzake walikwenda Woods Hole, kijiji cha pwani huko Massachusetts chenye maabara ya viumbe wa baharini, kwa sababu ngisi hupatikana hapo. Alan Waggoner na wakemia wengine walitengeneza rangi mpya, na kila rangi ilijaribiwa juu ya aksoni ya ngisi: itie rangi, ipitishie ishara, pima mwanga. Hii haifai. Hii inafaa kidogo lakini inaua neva. Hii inafaa lakini inafifia upesi. Walijaribu rangi zaidi ya 1000. Nawaomba vijana mkae kidogo na idadi hiyo. Anayejaribu kitu mara elfu hajui kama kuna cha elfu na moja kitakachofaa.

Rangi hizo zinafanyaje kazi? Mama zetu waliotia ukili rangi wanajua kwamba rangi haiwi rangi ya kitu mpaka ikishike. Molekuli za rangi hizi zina ncha mbili. Ncha moja inapenda mafuta, nyingine inapenda maji. Utando wa seli ni tabaka la mafuta lililo katikati ya maji na maji. Kwa hiyo molekuli inajichomeka utandoni, mkia ukiwa ndani ya mafuta, kichwa kikiwa nje majini, na inasimama hapo imejipanga na wenzake kama magogo ya boma. Sasa ipo ndani ya ile nguvu ya volti milioni 14 kwa mita. Volteji ikibadilika, elektroni za rangi hiyo husukumwa kidogo, na rangi ya mwanga inayoumeza na kuutoa husogea kidogo. Ukichagua vizuri rangi ya taa na kioo cha kuchujia, kusogea huko utakuona kama kuongezeka au kupungua kwa mwanga. Hakuna mlango wa kufunguliwa wala kemikali ya kusubiriwa, ndiyo maana rangi za aina hii huwahi kufuata kila kinachotokea ndani ya ile milisekunde moja. Mwaka 1973 Brian Salzberg, H. V. Davila na Cohen waliweza kuona kwa mwanga ishara za seli mojamoja kwenye fundo la neva la ruba, yule mnyonya damu wa madimbwini.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo mkononi, maana kwenye vitabu huonekana rahisi.

Nilijifunza ufundi huu nikiwa mwanafunzi ughaibuni. Asubuhi unapima unga wa rangi, miligramu chache tu, kwenye kichupa ulichokizungushia karatasi ya fedha ile ya kuokea samaki, kwa sababu mwanga wa chumba unaiharibu. Unauchanganya na maji ya chumvi yaliyotengenezwa yafanane na maji yanayozunguka ubongo. Humo unatumbukiza kipande cha ubongo wa panya, chenye unene wa mikromita 400, yaani chini ya nusu milimita, ambacho bado ki hai kwa sababu mapovu ya oksijeni yanapita majini muda wote. Unasubiri kama saa nzima. Kinatoka na rangi ya nili, kama kipande cha shati la shule kilichopitiliza kwenye maji ya bluu. Unakisuuza, unakilaza chini ya hadubini. Meza ya hadubini ina uzito wa kuhitaji watu sita na imekaa juu ya hewa iliyobanwa, kwa sababu mtu akitembea kwenye ujia, mtetemo wa nyayo zake unazidi ishara unayoitafuta.

Ishara ni ndogo kiasi gani? Kwenye ubongo, mara nyingi mwanga hubadilika kwa kiasi cha moja ya elfu. Chumba kiwe na taa 1000, mtu azime moja. Umeiona?

Na hapa kuna sheria ambayo huwezi kubishana nayo. Mwanga unakuja kwa chembe, fotoni, kama mvua inavyokuja kwa matone. Weka ndoo mvuani uhesabu matone kila sekunde. Kama wastani ni 100, sekunde hii utapata 93, inayofuata 108. Kuyumba huko ni sawa na kipeuo cha pili cha idadi: kwa 100 ni kama 10, yaani sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ukitaka kuona badiliko la moja ya elfu, kila nukta ya picha lazima ipokee angalau fotoni milioni 1, kwa kuwa kipeuo cha pili cha milioni ni elfu. Na uzipokee ndani ya milisekunde moja. Taa lazima iwe kali na tulivu, maana ikipepesa kwa moja ya elfu, utaandika kwenye daftari kwamba ubongo umefanya kazi kumbe ni taa. Kwa miaka mingi kamera za kawaida hazikuweza. Watafiti walitumia sahani za fotodayodi, yaani vihisi vidogo vya mwanga, mia moja na kitu au mia nne na kitu, kila moja ikiwa na kikuza ishara chake na nyaya zake.

Siku moja nilikuwa na kipande kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata. Kilijibu vizuri mara nne mfululizo. Nikainuka kwenda kuandika kitu kwenye daftari, nikasahau kufunga kizuia mwanga. Dakika tano, pengine sita. Niliporudi nikakipa mshtuko wa umeme, mstari kwenye skrini ukabaki umenyooka. Nikaongeza. Umenyooka. Kipande kilikuwa palepale, rangi yake ileile ya nili, na kilikuwa kimekufa. Rangi inayomeza mwanga mkali hupitisha sehemu ya nishati yake kwa oksijeni iliyo karibu, na oksijeni iliyopokea nishati hiyo hushambulia utando ule ule ambao rangi imeusimamia. Nililia siku ile. Kuna mnyama alitolewa uhai ili mimi nijifunze kitu kwake, na nilikipoteza kwa kusahau swichi. Tangu hapo mkono wangu hufunga mwanga kabla sijainuka, hata nikiwa nyumbani natoka chumbani.

Kutoka kwenye kipande mpaka kwenye ubongo mzima wa mnyama aliye hai ni hatua nyingine. Aliyeisukuma sana ni Amiram Grinvald, ambaye maabara yake ilikuwa katika Taasisi ya Weizmann huko Israeli. Mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha ubongo wa chura ukipokea mwanga kutoka machoni, moja kwa moja, bila kuukata vipande. Lakini ubongo wa panya au paka una damu nyingi, nao hupanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Hemoglobini, ile inayoifanya damu iwe nyekundu, inameza mwanga wa bluu na kijani, na rangi za kwanza zilikuwa zikimulikwa kwa mwanga wa namna hiyo, hivyo kila pigo la moyo lilionekana kubwa kuliko fikra yoyote. Dawa yake ilitoka kwa mkemia wa maabara hiyo, Rina Hildesheim. Aliunda rangi za bluu zinazomulikwa kwa mwanga mwekundu wa karibu nanomita 630, mahali ambapo damu inaupitisha mwanga bila kuujali sana. Zilichapishwa mwaka 1999. Zina namba, kama RH-1691, na hizo herufi RH ni zake yeye. Watu wengi wanaozitumia kila siku hawajui hilo, nami sipendi jina la fundi lipotee kwenye chombo chake.

Basi tuone ni nini kilichoonekana.

Panya anatembea gizani kwa sharubu zake. Kila sharubu ina kishamba chake kwenye koteksi, lile tabaka la nje la ubongo. Sharubu zimepangwa kwa safu usoni, na vishamba vimepangwa kwa safu zilezile ubongoni, jambo lililojulikana tangu mwaka 1970. Sasa mlaze panya kwa dawa ya usingizi, upake rangi koteksi yake, umulike, kisha usukume sharubu moja, mara moja tu. Kama milisekunde 10 baadaye, nukta moja inang'aa, kwenye kishamba cha sharubu hiyo. Ungesoma kitabu cha zamani ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini endelea kutazama. Mwanga unavimba, unavuka mpaka wa kishamba, unaenea kwa majirani, na ndani ya makumi machache ya milisekunde eneo kubwa la vishamba vya sharubu limeguswa. Carl Petersen, aliyefanya kazi hiyo na Grinvald na Bert Sakmann, baadaye aliiona na kwa panya walio macho: mguso unafika sehemu ya hisi, mara unawasha sehemu nyingine kabisa, ile inayosogeza sharubu. Sharubu moja imeguswa, na robo ya baraza imeshageuza shingo.

Lakini jambo lililonifanya nichague kazi hii si hilo. Ni la mwaka 1996, la Amos Arieli na wenzake wa maabara hiyohiyo ya Grinvald.

Kila anayepima ubongo anakutana na kero moja. Unamwonyesha mnyama kitu kilekile, kwa muda uleule, kwa mwanga uleule. Leo anajibu kwa nguvu, mara ya pili kidogo, mara ya tatu karibu asijibu. Kwa miongo watu walifanya tunayowafundisha vijana wafanye na vipimo vinavyoyumba: walirudia mara nyingi, wakachukua wastani, na tofauti wakaiita kelele. Arieli na wenzake walifanya kazi na paka waliolazwa kwa dawa, wakitazama sehemu ya koteksi inayopokea habari za macho. Kwa kuwa rangi iliwapa picha ya eneo zima kila wakati, walikuwa pia na picha ya kabla. Walichukua hali ya ubongo ilivyokuwa mara tu kabla ya kichocheo kufika, wakajumlisha na jibu la wastani. Wakapata kitu kilichofanana sana na jibu la mara ile moja, pamoja na kuyumba kwake kote. Kile kilichoitwa kelele kilikuwa ni mazungumzo ya ubongo yaliyokuwa yakiendelea.

Rudini barazani. Unafika na habari. Namna itakavyopokelewa inategemea habari yenyewe, ndiyo, lakini inategemea vilevile watu walikuwa wakizungumza nini kabla hujaingia. Hakuna anayeshangaa hilo kwa watu. Kwa ubongo tulikuwa tumelisahau. Tulidhani unakaa kimya kama ubao mweusi ukingoja kuandikwa. Mwaka 2003 Tal Kenet na wenzake wakaenda mbele: waliona kwamba hata pasipo picha yoyote mbele ya macho, koteksi ya paka aliyelazwa hupita kwenye mifumo inayofanana na ile inayotokea anapoonyeshwa mistari ya mwelekeo fulani.

Walimu wangu, nawaomba mlifikirie hili mkiwa darasani. Mmesema jambo moja kwa watoto 60, limesikika namna 60.

Sitaki niwape picha iliyopakwa sukari. Rangi hizi zina mipaka, na nimeishi nayo. Mwanga hauendi mbali ndani ya ubongo. Unachokiona ni mamia machache ya mikromita ya juu. Rangi inashika kila utando, wa seli za neva na wa seli zinazozihudumia, kwa hiyo kwenye ubongo mzima kila nukta ya picha ni jumla ya seli nyingi na hasa ya matawi yao, siyo seli fulani inayoitwa kwa jina. Tunaliona baraza, tumepoteza sauti ya mzee mmoja. Kwa sababu hiyo watafiti wazuri huweka elektrodi pembeni ya picha.

Siku hizi kuna njia nyingine ya kuzipata seli mojamoja: seli ijitengenezee yenyewe chombo cha kuhisi volteji, kwa kupewa jeni. Vipande vya vyombo hivyo vimetoka kwa viumbe wa ajabu. Protini ing'aayo asili yake ni konyeza wa baharini. Sehemu inayohisi volteji, kwenye chombo kimoja kilichochapishwa mwaka 2012, ni ya mnyama mdogo wa baharini anayeishi ameng'ang'ania mwamba. Kwenye kingine cha mwaka 2014, ni ya kuku. Vyombo hivyo vinazidi kuboreka, na katika maabara nyingi za leo vimechukua nafasi ya rangi. Sioni uchungu kwa hilo. Njia iliyotufikisha huku ni ileile ya taa, kioo na fotoni milioni.

Asanteni kwa kunisikiliza. Ngisi huyu mnaweza kumsogelea mkamwangalia, ila msimguse kwa mikono mitupu mkaenda kula.

*

Baada ya hapo yaliulizwa mengi. Nitaandika la mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, aliyesubiri wanafunzi wamalize.

Alisema: "Mwanangu ana kifafa, ana miaka tisa. Rangi hiyo anaweza kuwekewa na yeye, waone tatizo liko wapi?"

Nilimjibu: hapana, mama. Ili itumike lazima fuvu lifunguliwe, rangi ipakwe kwenye ubongo wenyewe na kumulikwa kwa taa kali, na nimewaeleza inavyoweza kuua seli. Mtoto wako anahitaji daktari, kipimo cha elektrodi za juu ya kichwa ambacho hakimuumizi, na dawa anywe kila siku bila kuruka, hata wiki ambayo hajaanguka.

Akauliza: "Kwa hiyo haijatusaidia kitu sisi?"

Nikamwambia ilichotuonyesha. Chuo Kikuu cha Georgetown, maabara ya Jian-Young Wu ilichukua vipande vya koteksi ya panya, ikaondoa kwa dawa zile ishara zinazofanya kazi ya breki, ikavitazama kwa rangi. Walichokiona ni mawimbi ya umeme, na mengine yalikuwa yakizunguka mahali pamoja kama upepo wa kimbunga, mzunguko juu ya mzunguko, yakijichochea yenyewe. Seli zile ni za kawaida. Zimeondolewa breki tu, na wimbi limekosa pa kuishia. Nilimchorea kwa kalamu mgongoni mwa karatasi ya ratiba.

Aliitazama ile michoro kwa muda. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Na lile povu linalomtoka mdomoni?"

Nikamwambia ni mate yake, mama, ambayo hawezi kuyameza wakati ule. Wimbi liko ndani ya kichwa chake. Haliwezi kutoka kwa mate likamwingia mtu mwingine.

Akaikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba. "Shangazi yake amemtengea sahani na kikombe," akasema. "Leo nikirudi navirudisha kabatini pamoja na vya wenzake."